Gari la Mombasa likifika Mai Mahiu: hewa, vumbi na breki katika bonde la Safari Rally

Mwaka juzi nilikuwa nikielekea Nakuru kwa maziko ya jamaa yetu. Nilitoka Mombasa alfajiri baada ya swala, nikapita Mariakani, Voi, Mtito Andei, Nairobi, nikapanda mpaka Kimende bila tatizo lolote ila injini kuwa nzito kidogo. Niliposhika mteremko wa kwenda Mai Mahiu, nyuma ya lori na mbele ya lori jingine, breki zikaanza kulegea. Nikikanyaga mara ya kwanza, pedali inashuka nusu. Mara ya pili, inashuka zaidi. Nilishuka kwa gia ya kwanza huku nikisoma kila dua niliyofunzwa madrasa, nikatulia karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, wale wale waliochonga barabara hiyo ukingoni mwa bonde.

Fundi wa pale kituoni hakushangaa. Alifungua kifuniko cha chupa ya breki, akachovya kidole, akasema, "Mzee, hii mafuta imekunywa maji ya bahari." Nilidhani ananitania kwa kuwa ameona namba ya simu ya Mombasa mlangoni. Baadaye nilipokaa kusoma nikakuta kwamba alisema kweli tupu, na kwamba mambo yaliyolisumbua gari langu siku hiyo ndiyo yale yale yanayowakosesha usingizi wahandisi wa Toyota, Hyundai na Ford kila Safari Rally inapofanyika Naivasha, mwendo mfupi tu kutoka Mai Mahiu.

Tuanze na hewa, maana hewa ndiyo inayobadilika kwanza na haionekani.

Injini ni pampu ya hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, hewa ndiyo ngumu. Pale Likoni, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu ya kilopaskali 101 hivi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko kani hiyo inashuka mpaka takribani asilimia 80 ya ile ya pwani. Kila pistoni inaposhuka kuvuta pumzi, inapata pungufu ya moja ya tano. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Basi gari lililokuwa na nguvu za farasi 100 Mombasa linafika Naivasha na 80 au chini kidogo, na hakuna plagi mpya wala mafuta ya bei ghali yatakayozirudisha zile 20.

Kwa magari ya zamani yenye kabureta kuna balaa la pili. Kabureta hupima petroli kwa tundu dogo la shaba, jeti, na tundu hilo halijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Linaendelea kumwaga petroli kama liko Kilindini. Mchanganyiko unajaa petroli, moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi, injini inakohoa. Dawa ni kuweka jeti ndogo zaidi. Lakini hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu: gari likishatuniwa juu kwa jeti ndogo, likiteremka mpaka pwani linakosa petroli. Hewa ni nzito, petroli ni kidogo, moto ndani ya silinda unapanda, na unaweza kutoboa pistoni au kuunguza valvu kabla hujafika Mazeras. Na ikiwa fundi aliwahisha cheche ili kuamsha injini huko juu, cheche hiyo hiyo kule chini itafanya injini igonge.

Hili si jambo la kale pekee. East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, mara kadhaa yameanzia na kumalizikia pwani kwetu. Magari yanatoka kwenye joto na unyevu wa bahari, siku chache baadaye yako kwenye nyanda za juu, kisha yanarudi. Ian Duncan alishinda mwaka 2009 kwa Ford Mustang, Björn Waldegård akashinda 2011 kwa Porsche 911. Fundi wa timu za namna hiyo hatafuti jeti iliyo bora, kwa sababu haipo. Anatafuta ile itakayokosea kidogo kila mahali bila kuua injini popote. Na ikibidi kukosea, anakosea upande wa petroli nyingi. Moshi mweusi unaaibisha tu, lakini petroli ikipungua injini inakufa.

Magari ya kisasa ya Mashindano ya Dunia yana kompyuta inayopima kani ya hewa mara nyingi kwa sekunde, kwa hivyo mambo ya jeti hayawahusu. Yana tabo pia. Wengi wetu tunaamini tabo inafuta tatizo la mwinuko: inasukuma hewa, basi itasukuma zaidi. Kwa gari la barabarani ni kweli kwa kiasi, ingawa tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Kwa gari la mbio, sheria imefunga mlango huo. Magari ya daraja la Rally1, yaliyoanza mwaka 2022 yakiwa na injini ya lita 1.6, yaliwekewa pete ya chuma mbele ya tabo yenye tundu la milimita 36, na tangu 2025 ni milimita 35. Hewa yote ya injini lazima ipite hapo. Inapofika kasi ya sauti ndani ya tundu hilo haiwezi tena kuongezeka, hata tabo ivute vipi. Kiasi kinachopita kinategemea uzito wa hewa iliyo nje, na Naivasha hewa ya nje ni pungufu ya moja ya tano. Kwa hivyo hata gari la mamilioni mengi ya shilingi linaacha sehemu ya nguvu zake chini, kama langu tu, walau pale injini inapotaka hewa yake yote.

Kati ya 2022 na 2024 magari hayo yalibeba pia mota ya umeme ya kilowati 100. Umeme haujali mwinuko. Mota ile ilitoa Kedong nguvu ile ile ambayo ingetoa Nyali, ila kwa muda mfupi tu, na betri yake ililazimika kustahimili joto, vumbi na mitikisiko. Mwaka 2025 ikaondolewa, gari likawa jepesi na rahisi zaidi kutengeneza.

Hapa niongeze jambo kwa wale wanaopenda kasi tupu. Hewa nyepesi inanyima injini, lakini pia inapunguza upinzani. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu zinazohitajika kuushinda hukua zaidi: ukitaka kasi maradufu, andaa nguvu mara nane. Ndiyo maana wawindaji wa rekodi za kasi ya nchi kavu hawachukii mahali palipoinuka. Bonneville huko Marekani, uwanja wa chumvi wa miaka mingi, uko takribani mita 1,280. Jangwa la Black Rock, ambako Andy Green aliendesha Thrust SSC kwa kilomita 1,228 kwa saa tarehe 15 Oktoba 1997 na kupita kasi ya sauti, liko mita 1,190 hivi. Gari lile lilikuwa na injini mbili za ndege aina ya Rolls-Royce Spey, na magurudumu yake yalikuwa aluminiamu tupu bila mpira, kwa kuwa hakuna tairi ambalo lingestahimili mzunguko ule. Lakini uwanja wa rekodi ni bapa kama sinia. Bonde letu lina mawe na mashimo, na swala wanakatiza njia. Huku tatizo kubwa si namna ya kwenda mbio. Ni namna ya kufika.

Historia ya Safari ni ushahidi. Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 yakamaliza. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7. Mara zote mbili Peugeot 404 ilishinda, gari ambalo wazee wetu walilitumia kama teksi. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, na 1974 kwa Mitsubishi Lancer ndogo akimwacha Waldegård na Porsche yake nafasi ya pili. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun isiyo na tabo. Audi Quattro, iliyowatetemesha watu Ulaya, haikuwahi kushinda Safari katika umbo lake la mbio. Audi ilipata ushindi wake mwaka 1987 kwa Audi 200, gari zito la familia, Hannu Mikkola akiwa usukani. Mwenye kutaka kujua gari gani la kununua kwa barabara za kaunti zetu na aanze na orodha hiyo.

Sasa vumbi. Udongo wa kati ya Longonot, Suswa na Naivasha kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano. Ndio uliobomoka mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, na kufungua ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Majivu hayo yakisagwa na magurudumu yanakuwa laini kama unga wa muhogo, na watu wa mbio wanayaita feshifeshi. Ukitazama kwa mbali unaona njia tambarare. Ukiingia, gari linazama mpaka tumboni, na chini ya unga huo kuna mawe ambayo dereva hakuyaona alipokagua njia siku mbili kabla, kwa sababu hayakuwa yamefukuliwa bado.

Unga huo una njia nyingi za kuua. Kwanza unaziba chujio la hewa. Injini iliyokwisha nyimwa na mwinuko inanyimwa tena na chujio. Ndiyo maana zamani magari ya Safari yalipandisha bomba la kuvuta hewa mpaka usawa wa paa, kukwepa vumbi na maji ya mito. Pili, punje zikipenya chujio zinapiga mapanga ya tabo yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, zikichanganyika na oili zinakuwa msasa unaokwangua silinda. Naona vijana wa mjini wanatoa chujio la kampuni na kuweka lile la wazi lenye umbo la koni ili gari "lipumue" na litoe sauti. Kwenye lami ya Nyali, sawa. Ukipita na kitu hicho Kedong siku moja, umepunguza maisha ya injini kwa miaka.

Tatu, vumbi linaingia pale gari linapovuja. Mwaka 2023 Toyota ya Sébastien Ogier ilipoteza mlango wa nyuma pamoja na bawa lake kwa mitikisiko, na bado alishinda. Bila bawa gari linakuwa jepesi nyuma katika kona za kasi, na bila mlango vumbi linajaa ndani mpaka madereva wanavuta udongo. Sijui wangapi wetu wangeendelea.

Na mvua ikinyesha, unga ule ule unageuka ute. Tairi lililochaguliwa kwa mawe makavu linakuwa kama sabuni. Tangu 2024 mashindano yamehamia mwezi Machi, karibu na masika, na timu zinapanga gari kwa hali mbili zinazopingana ndani ya siku moja.

Lakini ukiniuliza ni chombo gani kinachoamua mshindi Naivasha, sitasema injini wala tairi. Nitasema shokomzoba.

Springi hubeba gari, shokomzoba hulizuia lisiendelee kuruka baada ya shimo. Kazi yake ni kugeuza mrukio kuwa joto: oili inasukumwa kupita matundu madogo na vibati vyembamba, na nguvu yote ya shimo inaishia kuwa moto ndani ya ile oili. Njia ya Kedong ilikuwa na zaidi ya kilomita 30 mwaka 2021. Gari la zaidi ya tani moja linapigwa na mashimo mfululizo bila kupumzika, oili inachemka, inakuwa nyepesi, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anahisi gari linaanza kuelea. Akiendelea, kijiti kinagonga mwisho wake, na kinachofuata ni kuvunjika.

Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye Mashindano ya Dunia baada ya kutokuwepo tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza kwa takribani dakika moja. Katika njia ya Loldia shokomzoba ya nyuma ikavunjika. Ogier akashinda. Siku hiyo hiyo madereva wa Kenya, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, walimaliza wa 7, wa 8 na wa 9 wakiwa na magari ya daraja la chini, kwa kuwa walijua wapi pa kuondoa mguu.

Kutuni shokomzoba kwa bonde hili ni kuchagua maumivu. Ukiinua gari, tumbo linaepuka mawe, lakini uzito unapanda juu na gari linataka kulala kwenye kona. Ukilegeza springi, tairi linabaki ardhini, lakini kwenye shimo kubwa unafika mwisho wa safari ya gurudumu, ambayo kwa Rally1 sheria imeiwekea kikomo cha milimita 270. Ukikaza, gari linaruka juu ya mawe na kupasua tairi. Ukiweka bamba nene zaidi la kukinga sampu, unaongeza kilo kwa injini iliyokwisha pungukiwa pumzi. Toyota ilishinda hapa 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025 mfululizo, na kwa maoni yangu sababu yake kubwa ni kwamba gari lao lilivunjika kidogo kuliko mengine.

Joto la maji nalo lina hila. Kwenye mwinuko wa Naivasha maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100. Rejeta inaokolewa na kifuniko chake, kinachoweka maji chini ya kani na kuyafanya yastahimili mpaka zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko kilicholegea ambacho Mombasa hakikusumbui kinaweza kukuchemshia gari Kimende. Isitoshe, hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kifuniko kipya ni bei ya samaki wawili wa kupaka.

Narudi kwenye breki, maana ndizo zilizonipeleka kwa yule fundi.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira ya mabomba na kila kifuniko kinapofunguliwa. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji kufikia asilimia 3.7 ya ujazo wake, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Gari linalokaa Mombasa miaka mitatu au minne bila kubadilishwa mafuta hayo linatembea na bomu dogo, na halitajua, kwa sababu Mombasa ni tambarare, na huwezi kufikisha breki nyuzi 155 kati ya Buxton na Bamburi.

Mteremko wa Mai Mahiu unaweza. Kukanyaga mfululizo kwa kilomita kadhaa kunachoma diski, joto linapita kwenye pistoni ya breki mpaka kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Pedali inashuka na gari haliskii. Juu ya hayo, busta inayokusaidia kukanyaga hutegemea tofauti kati ya kani ya hewa ya nje na mvuto wa injini, na hewa ya nje ikipungua msaada nao unapungua. Mguu wako unalazimika kufanya kazi zaidi mahali pale pale ambapo breki zinachoka. Magari ya mbio hayana busta kabisa, dereva anasukuma kwa mguu wake, na mafuta yao hubadilishwa mara kwa mara wakati wa mashindano.

Yule fundi alimwaga mafuta yangu ya zamani kwenye kopo. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akajaza mapya, akatoa hewa gurudumu moja baada ya jingine, kijana wake akikanyaga pedali ndani huku yeye akiita "shika... achilia." Nusu saa. Akanionya nirudipo nisiweke gia ya nne kwenye mteremko wowote, niteremke kwa gia ile ile ambayo ningepandia, breki nikanyage kwa nguvu mara moja kisha niziache zipumue. Kisha akainua boneti, akachungulia, akauliza lini nilibadilisha kifuniko cha rejeta.

Nilifika Nakuru maziko yamekwisha, nikaikuta familia kwenye khitma.